Msamiati wa Kiswahili sekondari: kwa nini vijana wanakariri leo, kesho wamesahau?

Leo naomba tuache kidogo siasa na bei ya mafuta, tuongelee somo ambalo karibu kila mtu nchi hii anadhani halina shida: Kiswahili. Mzazi akiletewa ripoti ya shule macho yanakimbilia Hesabu, Fizikia na Kiingereza. Kwenye Kiswahili anapita tu. Anakwambia ile si lugha yake bwana, atafeli vipi?

Sasa mimi sio mwalimu. Nimemaliza sekondari, nipo mtaani, naandika vijihabari hapa na pale, na jioni kuna vijana wa jirani wa kidato cha pili na cha tatu huwa nakaa nao barazani tunapitia madaftari yao. Hawa vijana wanaongea Kiswahili kama chiriku. Lakini wape ukurasa mmoja wa gazeti, habari ya bajeti au ya kesi, halafu waambie wakueleze kwa maneno yao. Hapo ndo utashangaa. Wamesoma kila neno kwa sauti bila kukwama, ila maneno kibao hawana habari nayo. Na kila mmoja ana daftari limejaa orodha ya msamiati na maana zake, imenakiliwa vizuri, wino wa bluu na mwekundu.

Kwa hiyo swali la leo ni hili: orodha zipo, walimu wanafundisha, vijana wana akili. Maneno yanapotelea wapi?

KWANZA, KWANI INA UMUHIMU GANI?

Kuna watakaosema ah, msamiati wa nini, mtu akiwa na Kiswahili cha kuombea maji si inatosha? Haitoshi. Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza kidato cha nne, hajapata nafasi ya kuendelea, anapewa bodaboda ya mkataba. Anawekewa karatasi mbele. Imeandikwa kitu kama hiki (mfano nimetunga mwenyewe, ila wenye kuzijua hizi karatasi watanielewa):

"Endapo dereva atashindwa kuwasilisha hesabu kwa siku saba mfululizo, mmiliki atakuwa na haki ya kutwaa chombo pasipo kurejesha malipo yaliyokwisha kufanyika."

Angalieni hayo maneno. Endapo. Kuwasilisha. Mfululizo. Kutwaa. Pasipo. Kurejesha. Hakuna hata moja la kishairi. Lakini asiyejua "mfululizo" hajui kama siku saba zinahesabiwa kwa kufuatana au kwa kujumlisha za mwezi mzima. Asiyejua "pasipo" hajui kwamba pikipiki ikichukuliwa na pesa aliyolipa miezi kumi imekwenda. Anasaini. Siku ya siku analia.

Au hii mikopo ya kausha damu tunayoilalamikia kila siku. Mtu anaambiwa na rafiki yake "njoo uwe mdhamini wangu", anaenda akidhani mdhamini ni kama shahidi, yaani anashuhudia tu jamaa kachukua hela. Kumbe amekubali kulipa deni jamaa akiingia mitini! Dhamini, dhamana, mdhamini, udhamini: ukoo mmoja wa maneno, na mtu akiujua unamwokolea hela.

Halafu kuna mahakama. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa hapa Tanzania na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Jambo zuri sana, wengi tulishangilia. Lakini kesi kuendeshwa kwa Kiswahili hakumsaidii mtu asiyejua tofauti ya mdai na mdaiwa, au ya pingamizi na rufaa. Huyo bado atakaa pale kama anasikiliza Kichina.

Kwa hiyo tunapoongelea msamiati kwa vijana tusidhani tunaongelea mapambo ya insha. Kwa wengi wao hiki kipindi cha Kiswahili sekondari ndio mara ya mwisho mtu kukaa nao na kuwafundisha maneno ya lugha hii. Tena masomo mengi wanasoma kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, kwa hiyo mtoto anaweza kumaliza Biolojia nzima bila kusikia "kimeng'enya" na Jiografia nzima bila kusikia "mmomonyoko". Kipindi cha Kiswahili kinabebeshwa mzigo wote.

INAVYOFUNDISHWA SASA

Wengi mtakuwa mnaukumbuka utaratibu wenyewe. Mwalimu anaingia, anaandika ubaoni maneno kumi na tano au ishirini. Pembeni maana. Nakilini. Kesho jaribio. Mfano:

Adhimu: -enye utukufu.
Ghiliba: hadaa.
Dhima: wajibu.

Tatizo la kwanza, maana yenyewe ni fumbo. Mtoto asiyejua "ghiliba" ukimwambia ni "hadaa", umemtoa shimo hili umemtumbukiza lile. Angeambiwa "ghiliba ni ule ujanja wa tapeli anayekuuzia simu kumbe ndani ya boksi kuna kipande cha sabuni", asingesahau maisha yake yote.

Tatizo la pili ni kusahau. Kuna Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aliona kwamba kusahau kwingi kunatokea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, na kwamba ukirudia kitu kwa kuachanisha siku kinakaa kuliko ukikishindilia chote kwa mkupuo. Sasa orodha ya ubaoni inafanya kinyume chake kabisa: inashindilia leo, inapima kesho, halafu HAIRUDI TENA mpaka siku ya mtihani.

Tatizo la tatu, neno halitumiki. Mwanafunzi anaambiwa tunga sentensi, anaandika "Mwalimu alituuliza maana ya neno dhima." Sentensi sahihi kabisa, vema inawekwa, na hajui kitu! Sentensi hiyo unaweza kuingiza neno lolote la kamusi na ikakubali.

Shule niliyosoma mimi (sitaitaja) ilikuwa na kamusi moja nzuri. Ilikaa ofisini, kabatini, kabati lina kufuli. Tulifundishwa mada ya matumizi ya kamusi kwa kuambiwa kamusi ina nini ndani. Ni kama kufundishwa kuogelea kwa kuchorewa bahari ubaoni.

LAKINI VIJANA WANAJIFUNZA MANENO. TENA HARAKA!

Hapa ndipo penye hoja yangu hasa. Wanaosema vijana wa siku hizi hawapendi maneno, waangalie yafuatayo.

Kabla ya mwaka 2020 ni vijana wangapi wa bara walikuwa wanajua neno "barakoa"? Lilikuwepo, ni neno la zamani la pwani, vazi la kufunika uso la wanawake. Ikaja korona. Ndani ya wiki chache nchi nzima, mpaka mtoto wa chekechea, anasema barakoa. Hakuna aliyelikariri. Kitu chenyewe kipo usoni, redio inalitaja kila saa, konda anakuuliza barakoa yako iko wapi.

Mwaka 2022 ikaja sensa. Makarani wakapewa vishikwambi, baadaye vikaenda kwa walimu. Neno "kishikwambi" ambalo wengi walikuwa wanalicheka likawa neno la kawaida. Lakini "tarakilishi" na "ngamizi" tumefundishwa darasani miaka nenda rudi, na ukitoka nje ya geti kila mtu anasema kompyuta. Kwa nini? Kwa sababu barakoa na kishikwambi viliingia kwa kutumika, tarakilishi ikaingia kwa kunakiliwa.

Na mpira je? Mchukue kijana aliyepata F ya Kiswahili umsikilize akisimulia mechi ya Simba na Yanga. Kiungo mkabaji, mlinda mlango, ameotea, mkwaju wa penati, dakika za lala salama, katia kimiani. Muulize "kimia" ni nini, atakwambia nyavu. Nani alimwandikia ubaoni? Hakuna. Amelisikia kwa watangazaji mara mia, kila mara likiwa na tukio lake, na yeye mwenyewe amelitumia akibishana kijiweni.

Ukiangalia mifano yote mitatu utaona vitu vilevile: neno limekuja na jambo lenyewe, limerudi mara nyingi kwa siku tofauti, na msikiaji amelazimika kulitumia. Ndio hivyo tu. Swali ni jinsi ya kuviingiza vitu hivi kwenye kipindi cha dakika 40.

1. CHAGUA MANENO, USIYAZOE

Kuna watafiti watatu wa Marekani, Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, walitoa kitabu mwaka 2002 kuhusu kufundisha msamiati, wakayagawa maneno kwenye ngazi tatu. Mi naviita vikapu vitatu. Kikapu cha kwanza maneno ya kila siku: kula, mvua, rafiki. Hayo mtoto anakuja nayo. Kikapu cha tatu maneno ya fani: kimeng'enya, tashihisi, ngawira. Hayo yanafundishwa pale fani yake inapofika. Kikapu cha pili ndo chenye mali: maneno ya watu wazima wanaosoma na kuandika, ambayo yapo kwenye gazeti, mkataba, hotuba, barua ya kazi na mtihani, bila kujali mada ni nini. Kubaini, kudhibiti, athari, endapo, mfululizo, kuwasilisha, kubatilisha, ilhali, mradi, kadiri.

Na hapa tusidharau vijineno vidogo. "Atarejeshewa fedha zake mradi awe ametoa taarifa siku saba kabla." Hilo "mradi" sio ule mradi wa maji, ni sharti. Mtoto akilisoma kama mradi wa maji sentensi nzima imekufa.

Basi kwa wiki moja maneno manane ya kikapu cha pili yanatosha, tena yatoke kwenye habari ambayo darasa linaisoma wiki hiyo. Tufanye mwaka una wiki 30 za kufundisha: ni maneno 240. Miaka minne, 960. Wengine wataona machache. Subirini hatua inayofuata.

2. FUNDISHA UKOO, USIFUNDISHE MTU MMOJA

Kiswahili kimetupa zawadi ambayo Kiingereza hakina kwa kiasi hicho: mnyambuliko. Neno moja linakuja na ndugu zake. Lakini darasani mnyambuliko unafundishwa kama sarufi kavu, mzizi huu, kiambishi kile, chora jedwali, basi. Msamiati unafundishwa siku nyingine kama vile havijuani!

Chukua "wasili". Kuwasili ni kufika. Kuwasilisha ni kufanya kitu kifike. Wasiliana ni kufikishiana habari. Mawasiliano, wasilisho, uwasilishaji. Kijana aliyeelewa hivyo hawezi kukwama kwenye "kuwasilisha hesabu", anajua ni kuifikisha kwa bosi.

Chukua "shika". Shikana, shikilia, shikamana, mshikamano, kishikizo, hata shikamoo yenyewe inaelezwa kuwa ilitokana na kumwambia mkubwa nashika miguu yako. Halafu wageukie vijana waulize: na "mshikaji" je? Na "mshiko"? Darasa litacheka, lakini ona, mshikaji ameundwa sawasawa na msemaji na mchezaji, na mshiko ni sawasawa na mchezo. Mtaa umefuata kanuni ileile ya kitabuni bila kuijua. Hata sisi hapa tunaitana wadau, na Kenya wanasema washikadau, mtu aliyeshika dau, aliyeweka chake kwenye mchezo.

Ndio maana mi sikubaliani na walimu wanaochapa au kufukuza mtoto kwa sababu ya neno la mtaani. Litumie. "Mchongo" limetoka kwenye kuchonga, kama mbao. Likawa dili. Siku hizi kitu "cha mchongo" ni cha uongo, kimechongwa tu. Kijana akikueleza safari hiyo ya maana tayari anafanya uchambuzi wa maana za maneno. Kinachobaki ni kumwonyesha kwamba mtaani ana mshikaji, kwenye barua ya maombi ya kazi ana mwenzake au rafiki, na wakili wake atasema mshirika. Kila neno lina mahali pake. Hiyo ndo rejesta, na imeeleweka bila kukariri tafsiri ya rejesta.

Sasa rudini kwenye hesabu yetu. Maneno 960, kila moja likija na ndugu watatu tu, ni 3,840. Hiyo sio haba.

3. METHALI ZIFUNGULIWE, ZISIKARIRIWE

Vijana wanazijua methali kibao kwa kumalizia. Ukisema "mchelea mwana kulia" wanajibu kwa pamoja "hulia yeye". Waulize kuchelea ni nini. Kimya. Wengine wanadhani ni kuchelewa. Lakini wote wanajua "mcha Mungu". Mcha ni anayecha, anayeogopa kwa heshima. Kucha, kuchelea, kicho. Mara moja methali inafunguka: anayeogopa mwanawe asilie, atakuja kulia yeye.

Nyingine: "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani". Mtoto wa Singida anaikariri kama dua. Mchoree chombo cha baharini: tezi ni nyuma, omo ni mbele, ngama ni chini ndani kule maji yanakojikusanya. Dakika mbili tu, na hatasahau, kwa sababu ameona mtu akitembea huku na huko kwenye jahazi halafu anarudi palepale.

Na kile cha kwenye bahasha ya dawa, "kutwa mara tatu". Kuchwa au kutwa ni jua kuzama, kucha ni jua kuchomoza. Kwa hiyo kuna macheo na machweo, kuna usiku kucha na mchana kutwa, kuna kumekucha. Herufi moja tu inatofautisha asubuhi na jioni!

4. MANENO YANAYOFANANA YASIMAME PAMOJA

Hili linawaangusha wengi. Adimu ni kitu kinachopatikana kwa shida, adhimu ni kitu kitukufu. Kuthamini ni kuona au kupima thamani, kudhamini ni kubeba dhamana. Athari sio hatari. Wengi wetu tunatamka dh kama z na th kama s, tunasema "zamana" na "samani", kwa hiyo sikio halitusaidii. Mtoto anaandika kwenye insha kwamba "wazazi wake wanamdhamini sana", na sijui kama kuna benki itakubali.

Dawa yake ni kuyaweka mawili mawili kwenye hadithi moja fupi. "Benki ilithamini nyumba ya mzee kwanza, ndipo mzee akaweza kumdhamini mwanawe." Basi.

5. KAMUSI ITOKE KABATINI

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ipo tangu mwaka 1981, ya TUKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (siku hizi TATAKI). Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ilitoka mwaka 2015. Hatuna njaa ya kamusi, tuna njaa ya kuzifungua.

Na kuzifungua kuna ufundi wake. Mpe kijana atafute "walichanganyikiwa". Ataenda kwenye W. Hatalipata, atafunga, atasema halimo. Lazima afundishwe kuvua: toa wa-, toa -li-, toa -ikiwa, rudi kwenye "changanya". "Nyuso" atafute kwenye "uso", "nyuzi" kwenye "uzi", "meno" kwenye "jino", "vyeti" kwenye "cheti". Akizoea kuvua hivyo, amejifunza ngeli na mnyambuliko huku akitafuta maana. Hata kama kamusi ni moja kwa darasa zima, kila siku mtu mmoja awe "mlinzi wa kamusi", awatafutie wenzake.

Kitu kingine kwa wanaojiandaa na mtihani. Swali la ufahamu huwa linadai maana ya neno KAMA LILIVYOTUMIKA kwenye habari. Hayo maneno mawili yana maksi. Habari ikisema "serikali imefunga mkanda", ukiandika mkanda ni kitu cha kuvaa kiunoni umekosa, hata kama kamusi inakuunga mkono. Ndio maana neno lisifundishwe peke yake bila sentensi.

6. LIRUDI, NA LITUMIKE

Utaratibu ambao mi na vijana wa barazani tunautumia ni mwepisi, hautaki vifaa. Siku ya kwanza tunasoma habari, wanakisia maana ya neno kwa kuangalia jirani zake, halafu ndo tunafungua kamusi. Siku ya pili tunatafuta ukoo wake. Siku ya tatu kila mtu anaandika sentensi ya maisha yake yenye "kwa sababu" ndani. Hii "kwa sababu" ndio inamnyima njia ya kukwepa. "Mvua ya jana imeleta athari mtaani kwetu kwa sababu mtaro uliziba taka." Hapo huwezi kudanganya, ama unajua athari au hujui. Mwisho wa wiki maswali ya haraka haraka ya mdomo. Baada ya wiki mbili neno linarudi kwa kushtukiza, na baada ya mwezi linarudi tena kwenye mdahalo au barua. Shuleni inaweza kuwa dakika kumi za mwanzo wa kipindi. Haivunji ratiba ya mtu.

PINGAMIZI NINAZOZITEGEMEA

Najua walimu mpo humu mtanijia juu. Mtasema darasa lina wanafunzi wengi mno, kusahihisha sentensi za wote ni adhabu. Kweli. Lakini sentensi zinaweza kusomwa wawili wawili, jirani anamhakiki jirani, mwalimu anachukua tano tu kwa siku. Mtasema mada ni nyingi na mtihani hausubiri. Ndio, lakini ufahamu, ufupisho, utungaji na fasihi vyote vinasimama juu ya maneno. Mtoto asiye na maneno hafupishi habari, ananakili.

Kuna watakaosema wanafunzi wao Kiswahili sio lugha ya kwanza, nyumbani ni Kisukuma au Kihaya. Hiyo nayo ni mtaji. Ikulu imetoka kwenye Kinyamwezi na Kisukuma, makazi ya mtemi. Kitivo cha chuo kikuu kimetoka upande wa Wapare na Wasambaa, bonde lenye rutuba. Mtoto akiambiwa neno la nyumbani kwao limekaa mpaka chuo kikuu na Ikulu, ataanza kuyaangalia maneno kwa jicho lingine.

Na kuna watakaosema basi tuwape maneno mazito, wapambe insha kama wenzetu wa Kenya. Hapana jamani! Hata kule walimu wao wanalalamika kuhusu insha zinazofunguliwa na mistari ya kukariri, macheo na majogoo na ndege, kabla hata mtahiniwa hajaangalia swali limeuliza nini. Neno zito lisilo na kazi ni sawa na suti kwenye shamba la mpunga. Lengo ni kijana aweze kusoma chochote kilichoandikwa kwa lugha yake, na aweze kujitetea kwa lugha hiyohiyo.

Wazazi, nanyi mna lenu. Siku mtoto akiwa nyumbani mpe mkataba wa umeme, risiti, tangazo la kiwanja, karatasi ya VICOBA, mwambie akusomee na akueleze. Mkikwama wote wawili ndio vizuri zaidi, mtatafuta pamoja. Na mliopo kwenye bodi za shule, ulizeni tu swali moja kwenye kikao kijacho: kamusi zetu ziko wapi, na ufunguo anao nani?

Walimu wa Kiswahili mnaofanya tofauti na haya, au mna mbinu bora zaidi, karibuni hapo chini mtupe uzoefu. Na nyie vijana mlioko shuleni, tupeni neno moja mlilokariri mkalisahau, tulifungue hapa pamoja.

Naomba kuwasilisha.